Geti Likifunguka Tusijue Lolote

Kila aliyewahi kukaa mbele ya filamu ya Kibongo anaijua picha hii. Gari linafika getini na kupiga honi. Mlinzi anatoka, anachungulia, anafungua bawa moja la geti, kisha la pili. Gari linaingia, linazunguka maua, linaegeshwa. Kiatu kinagusa chini, mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anakumbuka mkoba, anafungua tena. Anatembea mpaka barazani. Hakuna aliyesema neno na hakuna kilichotokea. Watu wameitania picha hiyo mitandaoni kwa miaka, na waongozaji wamesikia. Dawa waliyoipata ni kuharakisha mambo: kamera ya droni juu ya paa, picha zinakatwakatwa, muziki wa kishindo chini yake. Siku hizi geti linafunguka fasta.

Nadhani wametibu ugonjwa ambao haukuwepo. Upole wa lile gari haukuwa na kosa lolote. Kosa ni kwamba mimi niliyekaa sebuleni sikujua chochote cha kunifanya nijali kama gari limefika au halijafika. Mwongozaji angenionyesha kwanza kwamba chumbani kuna mtu asiyetakiwa kukutwa humo, na viatu vyake amevisahau pale barazani, kila sekunde ya mlinzi kuhangaika na komeo ingekuwa tamu. Ningeomba komeo ligome. Ningeomba mwenye gari akumbuke mkoba mara tatu. Geti lilelile, mlinzi yuleyule, wala hakuna shilingi iliyoongezwa kwenye bajeti.

Mwendo kwenye filamu haumgusi mtu kwa kasi yake. Unamgusa kwa yale anayoyajua yeye mtazamaji: unaelekea wapi, nani yuko njiani, na nini kitavunjika ukifika au usipofika. Taharuki ndiyo inayoupa mwendo uzito. Mwendo usiokuwa nayo ni usafiri tu.

Filamu ninayoitaja kila ninapobishana na watu kuhusu jambo hili ni The Wages of Fear ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot, iliyotoka mwaka 1953 na kuchukua tuzo kuu Cannes na Berlin mwaka huohuo. Kisa chake unaweza kukimaliza kituoni mkisubiri daladala. Kisima cha mafuta cha kampuni ya Kimarekani kinaungua huko Amerika Kusini, na moto wa namna hiyo huzimwa kwa mlipuko. Kinachohitajika ni nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka kwa kutikiswa tu. Iko mbali na kisima, na barabara ni ya vumbi na milima. Kampuni haina malori yenye vifaa vya kuzuia mtikisiko, kwa hiyo inatangaza dola 2,000 kwa kila dereva atakayekubali kuibeba kwa lori la kawaida. Wanapatikana wanne, wazururaji kutoka Ulaya waliokwama kijijini Las Piedras bila nauli ya kuondoka. Malori mawili, watu wawili kila lori.

Lori la kwanza haliondoki mpaka karibu saa nzima ya filamu imepita. Wengi hushindwa hapo. Kwa saa hiyo tunatazama joto, madeni ya baa, uvivu, wivu, na mzee mmoja wa mjini aitwaye Jo anayejifanya jabali mbele ya kijana Mario. Inaonekana kama Clouzot anapoteza muda, kumbe anaweka akiba. Tunajua nani anajisifu na nani amenyamaza. Tunajua hakuna njia nyingine ya kutoka kijijini pale. Kwa hiyo lori linapowashwa, halibebi nitrogliserini peke yake.

Baada ya hapo, karibu kila kinachosisimua ni cha polepole. Kuna kona ya mlimani iliyobana kiasi kwamba lori haliwezi kuikata kwa mara moja. Lazima lirudi nyuma juu ya jukwaa la mbao lililoning'inia juu ya korongo, kisha ndipo lisonge mbele. Mbao zimeoza. Lori la kwanza limeshapita na kuziacha hoi, na sisi tumeona. Sasa Mario anarudisha la kwake. Clouzot anatuonyesha tairi, kisha ubao unaopinda, kisha uso wa Mario, kisha tairi tena. Lori linasogea kwa inchi. Magurudumu yanateleza kwenye mbao zilizolowa, yanazunguka bila kushika. Na Jo, yule jabali, anakimbia. Hakuna risasi wala ngumi, na hakuna adui. Kuna uzito, mteremko na ubao, vitu ambavyo mtu yeyote aliyewahi kupanda ngazi mbovu anavielewa mwilini mwake.

Kasi nayo ipo, lakini Clouzot anaigharamia kwanza. Wanafika kwenye kipande cha barabara chenye mawimbi madogo ya udongo, yale ambayo kila dereva wa barabara ya vumbi anayajua: ukitambaa unapita salama, ukienda mbio sana gari linapaa juu ya vilele, lakini mwendo wa kati unatetemesha kila nati. Lori moja linachagua kutambaa. Jingine linachagua mbio, nalo liko nyuma. La nyuma haliwezi kupunguza kwa sababu kupunguza ni kulipuka, na la mbele haliwezi kuongeza kwa sababu hiyohiyo. Hata mtoto wa darasa la pili anaielewa hesabu hii, na ndiyo siri yake. Sheria za hatari zimewekwa wazi mapema, kwa hiyo tunapowatazama tunakokotoa wenyewe, na anayekokotoa hawezi kusinzia.

Kuna sehemu moja tu ambapo Clouzot anatupiga bila kutuonya. Jo anasokota sigara ndani ya lori lao, tumbaku iko kwenye karatasi. Ghafla upepo unaipeperusha tumbaku yote. Mwanga unamulika. Lori la wenzao, huko mbele nje ya macho yetu, limekwisha. Hatuoni moto wala miili, tunaona karatasi tupu mkononi mwa mtu. Mpaka leo sijaona mlipuko wa mamilioni ya dola uliofanya kazi kuliko ile karatasi.

Anayetaka kuitazama na hapendi kuambiwa mwisho aruke aya hii. Mario anafikisha mzigo, analipwa fedha zake na za marehemu Jo, anarudi na lori tupu. Redioni kuna valsi ya Strauss. Kule kijijini watu wanacheza muziki huohuo. Mario anaanza kulichezesha lori barabarani, kushoto kulia, kwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu Las Piedras lori linakwenda kwa uhuru, na ni kwa mara ya kwanza pia tunatamani kulishika usukani sisi wenyewe, kwa sababu barabara ile tunaijua na yeye ameisahau. Linaanguka korongoni. Lori tupu, lisilo na tone la nitrogliserini.

Mtu atauliza: na ile kanuni yetu kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi? Tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua kuliko sala. Steringi anapigwa, anachomwa, anatupwa mtoni, dakika ya mwisho anainuka. Kama mwisho unajulikana, taharuki inatoka wapi?

Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyehamia Hollywood mwaka 1939, alilijibu swali hili vizuri kuliko wengi alipohojiwa na François Truffaut, mwongozaji wa Kifaransa, mwaka 1962. Mfano wake umerudiwa mno katika vyuo vya filamu, lakini una haki ya kurudiwa. Watu wawili wanaongea mezani, bomu linalipuka: umempa mtazamaji mshtuko wa sekunde 15. Sasa mwonyeshe mtazamaji kwamba bomu liko chini ya meza na litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo. Mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yanageuka mateso ya dakika 15. Mtazamaji anataka kupiga kelele: acheni porojo, ondokeni! Hapo swali halihusu tena kama steringi atakufa. Tunachouliza ni lini atajua tunachokijua sisi, na jibu la swali hilo haliko kwenye kanuni ya banda lolote.

Hitchcock mwenyewe aliwahi kuipeleka hesabu hii mbali kupita kiasi. Katika Sabotage ya mwaka 1936, kijana mdogo anatumwa kupeleka kifurushi katikati ya London bila kujua ndani mna bomu. Sisi tunajua, na saa tunaijua. Njiani anacheleweshwa na mchuuzi anayemfanyia maonyesho ya bidhaa zake, anacheleweshwa na gwaride, anapanda basi nalo linakwama kwenye foleni. Kila kituo cha safari yake ni kitu cha kawaida kabisa cha mtaani. Halafu bomu linalipuka na kijana anakufa. Watazamaji walikasirika, na miaka mingi baadaye Hitchcock alikiri kwamba lilikuwa kosa: ukimtesa mtu kwa hofu kwa muda mrefu namna ile, unamdai kumpa ahueni. Mimi sina hakika sana na toba yake. Ile safari ya basi ndiyo inayokumbukwa kwenye filamu nzima.

Lakini ukitaka kumwona Hitchcock akitumia mwendo kwa ustadi wa juu, itafute Notorious ya mwaka 1946, hasa dakika zake za mwisho. Alicia, aliyechezwa na Ingrid Bergman, ameolewa na Sebastian huko Rio de Janeiro ili awapelelezee Wamarekani. Sebastian na mama yake wamegundua, na wanamuua taratibu kwa sumu kwenye kahawa. Hawawezi kumtoa hadharani, kwa sababu wenzake Sebastian, Wanazi waliojificha Brazil, wakijua ameoa jasusi watamwua yeye. Tunajua hawatanii: mapema katika filamu, mwenzao mmoja alishikwa na wasiwasi mbele ya wageni kwa sababu ya chupa ya mvinyo, na kosa hilo dogo lilimgharimu uhai.

Devlin, jasusi wa Kimarekani anayempenda Alicia, aliyechezwa na Cary Grant, anaingia nyumbani, anapanda ghorofani, anamkuta Alicia hoi kitandani, anamsaidia kusimama. Na sasa lazima washuke ngazi. Hiyo ndiyo tamati yote: ngazi. Sebastian na mama yake wanajiunga nao. Wanazi wako chini ukumbini, wanatazama juu. Watu wanne wanashuka hatua kwa hatua wakinong'onezana. Devlin hawezi kukimbia kwa sababu Alicia hawezi kusimama sawasawa. Sebastian hawezi kupiga kelele kwa sababu kelele itamwua yeye mwenyewe. Wale wa chini wanaweza kufanya lolote ila hawajui lolote. Kila mtu amefungwa na anachokijua, na mtazamaji ndiye pekee anayejua vyote. Kamera inashuka nao, nyuso zinapita, ngazi haziishi. Wakifika mlangoni, Devlin anamwingiza Alicia garini na kufunga mlango. Sebastian anabaki nje, anasihi apandishwe, gari linaondoka. Nyuma yake sauti inamwita arudi ndani, wanataka kuongea naye. Anageuka na kuzipanda zile ngazi za mlangoni. Mwendo wake ni wa kawaida kabisa, wa mwenye nyumba anayerudi kwa wageni wake, na huwezi kuutazama bila tumbo kukaza.

Ni filamu hiyohiyo yenye ile shoti maarufu ya sherehe: kamera inaanzia juu kabisa ya ukumbi, wageni wote wakionekana, kisha inashuka polepole bila kukatwa mpaka kwenye ngumi ya Alicia, na ndani yake ufunguo wa chumba cha mvinyo alioiba kwa mumewe. Wapiga picha huipenda kwa ufundi wake. Mimi naipenda kwa sababu kamera inatenda kile ambacho macho ya mtu mwenye siri hutenda kwenye sherehe. Ukumbi mzima upo, lakini kwake kipo kitu kimoja tu.

Wajapani wana mfano wao, na kwangu unazidi hata huo. Akira Kurosawa anajulikana kwa mvua, farasi na panga, lakini mwaka 1963 alitengeneza High and Low, filamu ya kisasa kuhusu Gondo, mkurugenzi wa kampuni ya viatu. Gondo ameweka rehani kila alichonacho ili anunue hisa na kuishika kampuni. Usiku huohuo simu inalia: mwanao tumemteka, tunataka yeni milioni 30. Kisha mwanawe anaingia sebuleni akicheza. Mtekaji amekosea, amemchukua mtoto wa dereva. Na hata baada ya kujua amekosea, anasema bei ni ileile.

Kwa karibu saa nzima Kurosawa hatutoi sebuleni kwa Gondo. Nyumba iko juu ya kilima, na mtekaji yuko huko chini mjini anaweza kuiona, kwa hiyo polisi wanatambaa sakafuni na mapazia yanafungwa. Watu wanasimama, wanakaa, wanageuziana migongo. Dereva, mtu mnyenyekevu, anasogea hatua mbili kuelekea kwa bosi wake kisha anasita. Hatua mbili hizo ndizo mwendo mkubwa wa nusu saa. Kurosawa amejaza fremu yake pana kwa watu wengi, kila mmoja mahali pake, na anayesogea anasogeza uzito wa chumba kizima.

Halafu, bila kutuandaa, tuko kwenye treni ya kasi. Kila kitu kinatikisika. Kurosawa alikodi treni halisi na kupiga picha kwa kamera kadhaa kwa mpigo, kwa sababu tukio lisingeweza kurudiwa kirahisi. Polisi wamejipanga kumsubiri mtekaji aje kuchukua mikoba. Haji. Anapiga simu ya ndani ya treni na kumwambia Gondo: dirisha la chooni hufunguka sentimita 7, mikoba yako haizidi unene huo, utaitupa baada ya daraja, na mtoto utamwona kando ya mto. Polisi wanakimbilia madirishani na kamera zao ndogo. Treni haisimami. Sekunde chache za mto, mtoto anaonekana, mikoba inaruka, vimekwisha. Gondo anabaki kwenye sinki la treni akijimwagia maji usoni, mtu aliyetupa utajiri wake wote kwenye ufa wa sentimita 7.

Weka tukio hilo mwanzoni mwa filamu, kama wafanyavyo wengi siku hizi ili mtazamaji asihame, na utakuwa na treni na mikoba. Ni ile saa ya sebuleni iliyoifanya treni iende kasi vile. Treni ilikuwa na kasi yake ya kawaida ya ratiba.

Naomba nisieleweke kwamba napinga kasi. George Miller na mhariri wake Margaret Sixel waliunganisha picha takriban 2,700 katika dakika 120 za Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, na Sixel akapata Oscar. Ni filamu ya mbio tangu mwanzo mpaka mwisho, na hupotei hata mara moja, kwa sababu kitu cha kutazama kimewekwa katikati ya fremu picha baada ya picha, jicho halihangaiki kukitafuta. Tena ramani yake ni mstari mmoja: wanakwenda, kisha wanarudi walikotoka. Kinachonichosha ni yale mapigano yanayokatwa kila nusu sekunde ili kuficha kwamba mwigizaji hajui kupiga ngumi, ambapo ukiulizwa nani yuko upande gani wa ukuta huwezi kujibu. Hapo mtazamaji amenyang'anywa kitu cha msingi, yaani uwezo wa kujua hatari iko umbali gani. Na mbinu nazo huchakaa. Ile ya kusogeza kamera upande mmoja huku lenzi ikivuta upande wa pili, iliyobuniwa kwa ajili ya ngazi za mnara katika Vertigo ya mwaka 1958 na kutumiwa vizuri na Spielberg ufukweni katika Jaws mwaka 1975, leo naikuta kwenye matangazo ya sabuni.

Watu wetu hawakuhitaji Truffaut awaeleze haya. Nenda kibanda umiza chochote, kile cha mabati na mabenchi ambako filamu ya Hong Kong au ya Kihindi inapita ikiwa imetiwa sauti ya Kiswahili juu yake. Wasimulizi hawa walianza kwa sababu watazamaji hawakuelewa lugha ya filamu. Dar es Salaam jina lililotamba ni la Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na Uganda kazi hiyo ni ya maveejei wanaosimulia kwa Kiganda. Wasomi wa sinema wangeweza kudhani kwamba sauti ya mtu anayeropoka juu ya filamu inaua taharuki. Mara nyingi huiongeza. Msimulizi ameshaitazama filamu, sisi bado. Anatuambia yule aliyekaa kimya pale pembeni mtamkumbuka. Anatuambia steringi anaingia nyumba hiyo akidhani ni salama, masikini hajui. Msimulizi analiweka bomu chini ya meza hata pale mwongozaji alipolisahau. Banda zima linapiga kelele kumwonya mtu wa Hong Kong asiyesikia Kiswahili.

Wakaliwood, ile studio ya Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, wamelichukua jambo hili na kuliingiza ndani ya filamu yenyewe. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasambazwa ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, anachekesha, anashangilia, anatabiri. Helikopta zao za kompyuta hazimdanganyi mtu. Lakini sauti ile inawaweka watazamaji upande mmoja, wakijua pamoja na kusubiri pamoja, na hilo ndilo ambalo filamu nyingi zenye helikopta za kweli hukosa.

Kwa filamu za kwetu zilizopigwa kwa utulivu zaidi, mfano ninaourudia ni Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012. Mmoja wa waliokuwa nyuma ya utayarishaji wake ni Mjerumani Tom Tykwer, ambaye kampuni yake ya One Fine Day Films imekuwa ikifanya kazi na waongozaji chipukizi jijini Nairobi. Tykwer ndiye aliyetengeneza Run Lola Run mwaka 1998, filamu ya msichana mwenye dakika 20 za kupata maki 100,000 la sivyo mpenzi wake amekwisha. Lola anakimbia Berlin nzima, mara tatu, na kila mara tunajua zaidi kuliko mara iliyopita. Mtu angetarajia filamu ya Nairobi iwe ya mbio pia. Haikuwa.

Mwas, kijana anayeuza filamu kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, anaingia Nairobi kuutafuta uigizaji na anaporwa kila kitu siku ya kwanza. Anaishia kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari, na wakati huohuo anapata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani. Zipo bunduki, zipo mbio za uchochoroni. Lakini kinachonikaza mimi ni safari zake za kawaida kati ya maisha hayo mawili. Anapoingia kwenye mazoezi tunajua anatoka wapi, na wenzake wa jukwaani hawajui. Anaporudi mtaani tunajua anachoweza kupoteza. Gitonga hahitaji kukikimbiza kitu. Mwas akivuka barabara tu, tayari amebeba mzigo wake wa nitrogliserini.

Nikisema haya najibiwa kwamba zama zimebadilika, kijana wa leo anatazama kwenye simu, kidole kiko tayari, huna saa nzima ya Las Piedras. Ni kweli kwamba Hitchcock alikuwa na nguvu ambazo leo hakuna mwenye nazo: mwaka 1960 aliwalazimisha wenye majumba ya sinema wasimruhusu mtu yeyote kuingia Psycho ikishaanza. Kwenye simu mtazamaji anasogeza mbele atakavyo. Lakini sikubali kwamba subira imekufa. Julai 2, 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, Soccer City mjini Johannesburg, dakika ya 120, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli na Ghana wakapewa penalti. Asamoah Gyan akauweka mpira chini. Hakuna kilichokuwa kikitembea uwanjani. Baa nzima za Afrika zilisimama zikimtazama mtu mmoja akivuta pumzi, na hakuna aliyelalamika kwamba mchezo umepoa. Kila mmoja alijua Afrika ilikuwa haijawahi kufika nusu fainali, alijua muda umekwisha, alijua mlingoti uko wapi. Kisha mpira ukagonga mwamba wa juu.

Kwa hiyo nikiletewa muswada na kijana anayelalamika kwamba hana fedha za kupiga tukio la kufukuzana magari, humwuliza ukurasa wa ngapi mtazamaji anaambiwa kilichomo kwenye buti. Mara nyingi ni ukurasa wa mwisho, kama mshangao. Namwambia aupeleke ukurasa huo mbele, halafu arudi kwenye lile tukio la getini alilolifuta kwa aibu. Mlinzi ambaye funguo zimempotea hazidi gharama ya chakula chake cha mchana.